Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kushona Mfarishi wa Viraka

Barua za wasomaji wanaotaka kujua namna ya kuanza kushona mfarishi wa viraka zimekuwa nyingi kiasi kwamba safari hii ukurasa wote nimeuachia jambo hilo moja. Ninaposema mfarishi nina maana ya kile ambacho wengine hukiita kwilti na wengine blanketi la viraka, yaani matabaka matatu yaliyoshikamanishwa kwa mishono inayoyapenya yote: uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, ujazo laini katikati, na bitana chini. Naomba maelezo hayo yashikwe vizuri, kwa kuwa barua nyingi zinazungumzia uso peke yake, na uso peke yake haujawa mfarishi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninajua kushona sketi na mapazia, na cherehani yangu ni ya kawaida, inashona mstari ulionyooka na zigizaga tu. Natamani kushona mfarishi wa kitanda cha watu wawili, lakini kila ninayemuuliza ananitajia vifaa ambavyo sijawahi hata kuvisikia. Nianze na nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Cherehani inayoshona mstari ulionyooka inatosha kabisa, na hiyo zigizaga hutaihitaji. Ninachokuomba ni kuuweka kando kwanza huo mfarishi wa kitanda. Mfarishi mkubwa haumshindi mwanafunzi kwa ugumu wa mishono, maana mishono ni ileile. Unamshinda kwa sababu kosa dogo alilolifanya siku ya kwanza atalirudia mara mia kabla ya kuligundua, na kwa sababu atachelewa mno kuzifikia hatua za mwisho, ilhali hizo ndizo zinazomwonyesha kwa nini hatua za mwanzo hufanywa vile zinavyofanywa.

Anza na mfarishi wa sentimita 60 kwa 60, ambao utaweza kuutandaza juu ya kiti au kumfunika mtoto mchanga. Utahitaji viraka 36 vya mraba, vipangwe sita kwa sita kama ubao wa drafti, rangi iliyokoza ikipokezana na rangi nyepesi. Kila kiraka kikatwe kwa sentimita 11.5, ili kikishashonwa pande zote kibaki sentimita 10. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110, urefu wa sentimita 25 wa kila rangi utakupa viraka 18 unavyovitaka, kwa kuwa viraka tisa vinaenea katika upana na safu mbili zinakula sentimita 23.

Vifaa vya lazima unavyo karibu vyote: mkasi mkali usiokata karatasi kamwe, rula ndefu, pini, penseli au chaki, uzi wa pamba, sindano mpya ya cherehani namba 80, na pasi. Kile kisu cha gurudumu wanachokutajia, pamoja na mkeka wake wa kukatia, kinaharakisha kazi kweli, lakini kiliingia sokoni mwaka 1979 kilipotolewa na kampuni ya OLFA ya Japani, na mifarishi ya karne nyingi kabla ya hapo ilikatwa kwa mkasi. Ukikinunua siku moja, jizoeze kuufunika wembe wake kila unapokiweka chini, hata kama ni kwa nukta chache, kwa sababu unakata kidole kwa wepesi uleule unaokata kitambaa.

Kwa sasa kata mraba wa kadibodi ngumu wenye sentimita 11.5 kila upande, uuweke nyuma ya kitambaa, uuzungushie penseli kisha ukate juu ya mstari. Jihadhari na jambo moja. Ncha ya penseli hula ukingo wa kadibodi kidogo kidogo, na baada ya viraka ishirini hivi mraba wako huwa umepungua bila wewe kuona. Kata kadibodi tatu mapema, uzipime zilingane, na ubadilishe kila baada ya viraka kumi na viwili.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Marehemu mume wangu aliacha mashati mengi ya pamba, na sina moyo wa kuyagawa. Je, mashati yaliyovaliwa yanafaa kushonewa mfarishi, au yatachanika? Na je, ni lazima vitambaa vifuliwe kabla ya kukatwa?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Mashati hayo yanafaa, na pengine hakuna kitambaa kinachofaa zaidi ya hicho, kwa kuwa shati la pamba limefumwa kwa nyuzi zinazokingamana sawasawa, halinyumbuki kama fulana, na limekwisha kufuliwa mara nyingi hivyo halitasinyaa tena wala kutoa rangi. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, Bi Missouri Pettway alishona mwaka 1942 mfarishi kutokana na nguo za kazi za mumewe aliyefariki, na mfarishi huo leo umo katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Njia unayotaka kuipita imekwisha kupitwa na wengine waliokutangulia.

Fumua au kata kila shati kwenye mishono yake ili upate vipande bapa: mgongo mmoja, vifua viwili, mikono miwili. Mgongo ndio wenye kitambaa kingi zaidi na kwa kawaida ndio uliochakaa kidogo. Kisha shika kila kipande mbele ya dirisha. Panapopenya mwanga mwingi kuliko kwingine, hasa viwikoni, kwapani na kwenye shingo, nyuzi zimelika na hapatavumilia mshono, paache. Ukitaka kubakiza mfuko wa kifuani, ushone kingo zake zote kwanza ili usije ukanasa kitu, halafu ukate kiraka ukiwa nao katikati. Ikiwa baadhi ya mashati yana mchanganyiko wa poliesta, yatenge na upunguze moto wa pasi, maana joto linalofaa kwa pamba linaweza kuyeyusha nyuzi za poliesta.

Kuhusu kufua, kitambaa kipya mimi hukifua kila mara, na nina sababu. Miaka mingi iliyopita niliunga viraka vyekundu na vyeupe bila kuvifua, nikamaliza mfarishi, na ulipofuliwa mara ya kwanza vyeupe vyote vikawa na rangi ya waridi iliyotapakaa bila mpangilio. Tangu hapo kila kitambaa chekundu, cha buluu iliyokoza au cheusi nakilowesha kwanza katika bakuli jeupe lenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, na maji yakibadilika rangi nakifua tena hadi yabaki safi. Tatizo la pili ni kusinyaa: kitambaa cha mita 1 kikisinyaa kwa asilimia 3 tu kinapoteza sentimita 3, na kikiwa kimeshonwa ubavuni mwa kitambaa kisichosinyaa, uso mzima hujikunja. Kabla ya kukifua, kata pembe zake nne kidogo kwa hanamu, yaani kimshazari. Nyuzi za kingo hazitachomoka sana.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni kijana wa kiume na nimejifunza kushona mwaka huu. Nilikata viraka vyangu kwa uangalifu mkubwa, nikavipima vyote, lakini nilipounganisha safu pembe hazikukutana, na safu moja ilikuwa fupi kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Ahsante, kijana wangu, kwa kueleza vipimo, kwa sababu vimenionyesha kwamba kosa halikuwa kwenye mkasi. Liko kwenye upana wa mshono. Kama umekata viraka vya sentimita 11.5 ukitarajia mshono wa milimita 7.5, halafu ukashona milimita 8.5, kila mshono umekula milimita 2 za ziada, moja kutoka kila kiraka. Safu ya viraka sita ina mishono mitano, kwa hiyo imepungua sentimita 1 nzima, na ikiwa safu ya jirani umeishona siku nyingine kwa mkono uliotulia zaidi, pembe zake haziwezi kukutana na za safu hii hata ukizivuta. Nchini Marekani na Uingereza mshono uliozoeleka ni robo ya inchi, yaani milimita 6 na ushee, na baadhi ya miguu ya cherehani imetengenezwa kwa kipimo hicho. Uchague wowote kati ya hivyo viwili, ila usichanganye sentimita na inchi katika mfarishi mmoja.

Kabla ya kugusa viraka vyako, fanya jaribio hili. Kata vipande vitatu vya mabaki vyenye upana wa sentimita 5 na urefu wa kiganja, uviunge ubavu kwa ubavu kwa mshono wa milimita 7.5, uvipige pasi, kisha upime kipande cha katikati. Kinapaswa kuwa sentimita 3.5 kamili. Kikiwa na sentimita 3.3, mshono wako ni mpana. Sogeza kitambaa ushone tena vipande vingine, na ukipata kipimo, bandika utepe wa karatasi juu ya bamba la cherehani, mahali hasa unapopita ukingo wa kitambaa, uwe ukuta wako. Utaona kwamba ili upate kipimo kamili unalazimika kushona mshono mwembamba kuliko milimita 7.5 kwa unene wa uzi mmoja. Hilo ni sahihi, kwa kuwa kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono nacho hula nafasi kidogo.

Pasi nayo ina lawama zake. Wengi wetu tumezoea kuisukuma mbele na nyuma kama tunavyonyoosha shati, na kiraka kikisukumwa hivyo kinanyooka kuelekea upande na kuacha kuwa mraba. Kwenye viraka pasi huinuliwa na kushushwa, ikae sekunde chache, iinuliwe tena. Kwanza ipige juu ya mshono ukiwa bado umefungwa, ili nyuzi zizame kitambaani, halafu fungua viraka na ulalishe kingo za mshono upande wa rangi iliyokoza. Katika mpangilio wa drafti kanuni hiyo ina faida kubwa: kwa kuwa rangi zinapokezana, mishono ya safu ya kwanza italala upande mmoja na ya safu ya pili upande wa pili, mahali palepale. Weka safu mbili uso kwa uso, ushike makutano kwa kidole gumba na cha shahada, uzisugue taratibu. Utahisi vigongo viwili vinasogeleana kisha vinakwama, kimoja kikiegemea kingine, bila nafasi kati yake. Hapo ndipo pembe zimekutana. Choma pini, nenda kwenye makutano yanayofuata, na ukishona ichomoe pini sindano inapoikaribia.

Angalia pia mkao wa kitambaa. Kingo za kiraka zinapaswa kufuata nyuzi za mtande na za mshindio, yaani zile zinazokwenda urefu wa kitambaa na zile zinazokwenda upana, kwa sababu upande uliokatwa hanamu huvutika hata kwa kushikwa tu. Kama viraka vyako ulivikata ovyo ili usipoteze kitambaa, baadhi yao vimerefuka mikononi mwako baada ya kupimwa. Urefu wa pito la sindano uwe kati ya milimita 2 na 2.5, na huna haja ya kurudisha mshono nyuma kila mwisho, maana mishono itakayokatiza baadaye itaufunga.

Safu zilizokwisha kupungua usizivute. Zifumue kwa ncha ya kifumulio, ukikata uzi mmoja kila baada ya mapito manne, na uzi wa upande wa pili utachomoka wenyewe kwa kuvutwa.

SWALI: Shikamoo mama. Sina cherehani wala sitarajii kuipata karibuni. Je, naweza kushona mfarishi mzima kwa mkono, na ukadumu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, unaweza, na utadumu. Mfarishi wa Tristan, ulioshonwa Sicily katika karne ya 14, muda mrefu kabla cherehani haijabuniwa, bado upo, na sehemu yake imehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert mjini London. Wabengali nao wana kantha, inayoshonwa kwa vitambaa vikuukuu vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka bila ujazo wowote, kwa mshono mmoja tu wa kupenyeza sindano juu na chini. Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa mtu wa hali yako ni wa akina mama wa Kisidi katika jimbo la Karnataka nchini India, watu wenye asili ya Afrika. Hawaungi uso kwanza. Hutandaza bitana, huanza ukingoni, huweka kiraka, hukikunja kingo na kukishona papo hapo hadi kwenye bitana, kisha kinachofuata, wakizunguka kuelekea katikati, hivyo kwamba kiraka cha mwisho kinaposhonwa, mfarishi umekwisha.

Tumia sindano fupi, kwa kuwa ndefu hupinda na kufanya mapito marefu. Uzi usizidi sentimita 45, maana mrefu hujisokota na kulika kabla haujaisha. Subana, yaani kile kikofia cha kukinga kidole kisichomwe na sindano, ivae kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshonea. Siku mbili za kwanza utaiona kero, siku ya tatu hutaweza kushona bila hiyo. Ili fundo lisionekane, ingiza sindano kwenye uso sentimita 2 mbali na unapotaka kuanzia, itokeze mahali pa kuanzia, kisha vuta uzi kwa mshtuko mdogo. Utasikia kitambaa kikilia “tap”, nalo fundo litakuwa limezama ndani ya ujazo. Usihangaike kufanya mapito madogo. Yafanye yalingane kwanza, na udogo utakuja kadiri mkono unavyozoea.

SWALI: Mwalimu, uso wangu nimeumaliza tangu miezi sita iliyopita na kila mtu anausifu. Tatizo ni kwamba naogopa kuuunganisha na ujazo na bitana, nisije nikauharibu. Umekunjwa kabatini. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, utoe kabatini leo. Nakuelewa, kwa sababu hatua hii haifundishwi vya kutosha, na watu hudhani inahitaji kipaji ilhali inahitaji meza bapa na subira ya saa moja.

Kata bitana na ujazo vizidi uso kwa sentimita 5 kila upande. Kwa uso wa sentimita 60, navyo viwe na sentimita 70. Ujazo unaweza kuwa pamba bapa iliyotengenezwa kwa kazi hii, au hata blanketi jembamba lililozeeka. Tandaza bitana mezani, uso wake ukitazama chini, uinyooshe hadi isiwe na mkunjo lakini isivutwe ikakaza, kisha ibandike kwa utepe pande zote. Ikikazwa sana, siku utakapoondoa utepe itarudi katika hali yake na kuukunja mfarishi mzima. Weka ujazo juu, uupapase kutoka katikati kwenda nje, na juu yake uweke uso ukitazama juu.

Sasa piga bandi, yaani mishono ya muda ya kuyashikilia matabaka yasisogee. Chukua uzi wa rangi inayoonekana, anzia katikati kabisa, na upige mapito marefu ya sentimita 5 hivi kwenda kila upande, mstari mmoja na mwingine vikiachana kwa upana wa kiganja. Wanaotumia pini za usalama wazichome kila baada ya sentimita 10, nao waanzie katikati. Ukianzia pembeni, ziada yote ya kitambaa husukumwa kwenda katikati na kujikusanya huko, nawe huwezi tena kuiondoa.

Mshono wa kushikamanisha uwe na pito la milimita 3, na kwa mara ya kwanza ushone mistari iliyonyooka sentimita 1 kando ya kila mshono wa viraka, badala ya kushona ndani ya mshono wenyewe kama unavyoelekezwa mara nyingi. Kushona ndani ya mshono kunaonekana rahisi, lakini sindano ikiteleza milimita moja tu kosa linaonekana, ilhali mstari ulio kando unasamehe. Ukipata ule mguu wa cherehani unaotembea, ambao husukuma kitambaa cha juu sambamba na meno yanayosukuma cha chini, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Usipoupata, punguza mwendo na ushike bandi karibukaribu. Geuza kazi kila baada ya mistari miwili uitazame bitana, kwa sababu huko ndiko mikunjo hujificha.

Usiache eneo kubwa bila mshono. Kifungashio cha ujazo hueleza umbali wa juu kabisa kati ya mstari na mstari, na pamba isiyofungamana huhitaji mistari ya karibu zaidi, la sivyo ikifuliwa hujikusanya mabonge. Kama bado unaogopa, acha cherehani kabisa. Pitisha uzi mnene kwenye kila makutano ya viraka, ushuke chini, upande juu, ufunge fundo maradufu na ubakize ncha za sentimita 2. Mifarishi mingi ya kutumiwa kila siku imefungwa hivyo, na ni imara.

SWALI: Mwalimu, nimefika mwisho lakini kingo zangu zinafumuka. Mkanda wa kufunika kingo unakatwaje, na pembe zinafanywaje ziwe nadhifu?

JIBU: Hongera kwa kufika hapo. Punguza kwanza ujazo na bitana vilingane na uso. Kata mikanda yenye upana wa sentimita 6, iunge hadi ipate urefu wa mzunguko wa mfarishi na sentimita 30 za ziada, kwa mfarishi wa sentimita 60 iwe karibu sentimita 270, kisha uikunje mara mbili kwa urefu na kuipiga pasi. Kwa kingo zilizonyooka mkanda ufuate nyuzi za kitambaa. Ule wa hanamu ni wa kingo zenye duara. Shona kingo mbichi za mkanda zikilingana na ukingo wa uso, ukianzia katikati ya upande na si pembeni. Ukibakiza milimita 7.5 kufika pembe, simama, kata uzi, kunja mkanda kwenda juu hadi ufanye mstari wa mshazari, uurudishe chini juu ya ukingo unaofuata, na uendelee kushona kuanzia juu kabisa. Baadaye ugeuzie nyuma na uushone kwa mkono.

Kabla ya kuushona huo mkanda, kata kipande cha kitambaa cheupe cha pembetatu, uandike jina lako na mwaka kwa kalamu ya wino usiofutika au uyatarizi kwa uzi, kisha ukiweke nyuma kwenye pembe moja ya mfarishi. Mkanda utazishika pande zake mbili, nawe utabakiwa na upande mmoja tu wa kushona kwa mkono.